Kutoka Peugeot 404 hadi Probox: Gari la Masafa Katika Barabara za Kenya

Mwaka 1960 kampuni ya Peugeot ilizindua gari la 404 mjini Paris, na mwaka 2002 Toyota ikaanza kuuza Probox nchini Japani. Kati ya hayo mawili imepita miaka 42, lakini katika barabara za Kenya yalikuja kufanya kazi moja: kubeba watu na mizigo kati ya miji na vijiji, upesi, katika saa ambazo basi halipo au bado linangoja kujaa. Ukiyaweka bega kwa bega unaona jinsi gari la masafa lilivyobadilika, na pamoja nalo kazi ya fundi, ya dereva na ya muuza vipuri. Mengi yamebadilika, kuanzia breki hadi mafuta yanayotiwa kwenye tangi. Lililobadilika kuliko yote ni namna gari linavyozeeka. La zamani liliundwa lifunguliwe na kufungwa tena mara nyingi. La sasa limeundwa lisiguswe kwa muda mrefu, na siku likichoka, kinachotolewa ni kipande kizima.

Peugeot 404 lilitengenezwa Sochaux, mashariki mwa Ufaransa, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Turin, Italia. Injini yake ya petroli ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, na ililazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Bloku ilikuwa ya chuma cha kusubu na hedi ya aluminiamu. Gia zilibadilishwa kwa mkono uliokuwa kwenye usukani. Feni ya redieta ilijiachia yenyewe injini ikiwa baridi, na betri ikifa, gari liliweza kuwashwa kwa hendeli iliyoingizwa mbele. Mwaka 1968 likafuata 504, lililochaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969. Hilo lilikuja na injini ya sentimita za ujazo 1,796, baadaye 1,971, pamoja na springi zenye mwendo mrefu zilizomeza mashimo ambayo magari mengine ya saluni yaliyaogopa.

Lililopendwa zaidi na wachukuzi wa abiria lilikuwa toleo la familia, lenye paa lililonyooka hadi nyuma na viti vya safu tatu. Peugeot haikuongeza kiti cha tatu ndani ya mwili uleule wa saluni, iliurefusha mwili. Katika 504, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa meta 2.74 kwa saluni na meta 2.90 kwa gari la familia. Nyuma, badala ya magurudumu kujitegemea kila moja kama katika saluni, kulikuwa na ekseli moja ngumu iliyokalia springi nne za koili, mbili kila upande. Mtu aliyewahi kuona gari la namna hiyo likipanda kutoka Naivasha, abiria wamejaa na magunia yamefungwa kwenye keria, anafahamu kazi ya springi zile mbili za ziada. Mkia wa gari ulishuka, lakini haukugusa matairi.

Sifa za Peugeot Afrika Mashariki zilijengwa kwa kiasi kikubwa na mashindano ya magari ya Safari. Yalianzishwa mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari. Katika miaka ya 1960 njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Yaliendeshwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza, na barabara nyingi zilikuwa za udongo. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hiyo pia yakamaliza 7. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki, dereva wa Kenya mwenye asili ya Poland, akisaidiwa na Paddy Cliff, na mara zote mbili alikuwa ndani ya Peugeot 404. Katikati ya hapo, mwaka 1966 na 1967, 404 lilishinda likiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Kisha 504 likashinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson wa Sweden, na mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa.

Ushindi huo ulikuwa na uzito kwa mnunuzi wa kawaida kwa sababu magari ya mashindano ya siku zile hayakuwa mbali na yale yaliyouzwa dukani. Gari la Shankland lilikuwa na injini ya kupulizia mafuta kwa pampu badala ya kabureta, kifaa ambacho Peugeot iliwauzia pia wateja wake. Bodi, ekseli na giaboksi vilikuwa vya ukoo uleule na gari lililobeba watu Kisumu. Mwenye teksi aliposikia redioni kwamba 404 limevuka tope lililowazamisha wengine, alikuwa anasikia habari za gari alilokusudia kununua. Leo uhusiano huo umekatika. Mashindano ya Safari yalirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kutoka mwaka 2002, na Toyota Yaris ndiyo iliyoshinda, lakini gari lile limeundwa kwa ajili ya mashindano pekee, na hakuna anayelihusisha na Toyota iliyoegeshwa stendi.

Kazi ya uchukuzi wa abiria ilikua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa teksi za masafa marefu: Peugeot za familia zilizopakia abiria jijini Nairobi na kuwafikisha Nakuru, Kisumu, Eldoret na kwingineko. Nauli yake ilizidi ya basi, na abiria alilipia kasi na kiti chake mwenyewe. Njia ya pili ilikuwa ya pikapu. Pikapu za 404, na baadaye za 504, zilijengewa nyuma kibanda cha bati au mbao chenye mabenchi mawili, abiria wakikaa wakitazamana. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari ya namna hii, yaani matatu, yafanye kazi bila leseni maalumu ya uchukuzi, na idadi yake ikapanda haraka. Pikapu ya Peugeot ilikuwa miongoni mwa zilizobeba mzigo mkubwa wa ongezeko hilo, hasa mashambani, ambako asubuhi ilipeleka maziwa na kabichi sokoni na jioni ikarudisha watu.

Peugeot nyingi za wakati huo zilinunuliwa zikiwa mpya. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilizuia kwa kiasi kikubwa magari yaliyokamilika yasiingizwe, ili viwanda vya kuunganisha magari vipate kazi. Peugeot 504 iliunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na iliendelea kuunganishwa huko miaka mingi baada ya saluni yake kuachwa kutengenezwa Ulaya mwaka 1983. Jambo hili lina maana kubwa katika historia ya gereji za Kenya. Aina moja ya gari ilikaa sokoni kwa zaidi ya miaka 20 bila kubadilika sana, vipuri vyake vikajaa katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, na kizazi kizima cha mafundi kikajifunza injini moja hadi kuijua gizani.

Injini hiyo ilistahili kujulikana hivyo. Ndani ya bloku ya 404 na 504, pistoni hazikusugua bloku yenyewe. Zilisugua slivu, yaani mitungi minne ya chuma iliyopachikwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji ya kupozea. Gari lilipoanza kutoa moshi wa buluu na kumaliza oili kabla ya wakati, fundi alijua kwamba ringi na slivu zimelika. Alimwaga maji na oili, akafungua hedi kutoka juu na sampu kutoka chini, akalegeza konrodi, akazisukuma pistoni zitoke kwa juu. Kisha slivu zilichomolewa moja moja. Zilizochukua nafasi yake ziliuzwa kama seti: slivu nne, pistoni nne, pini na ringi, tayari zimepimwa pamoja. Sehemu iliyotaka umakini ni pale chini slivu inapokaa kwenye bloku. Hapo huwekwa sili nyembamba inayozuia maji yasishuke kwenye oili, na slivu ikishakaa, ukingo wake wa juu lazima uzidi uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana, kinacholingana kwa zote nne, ili gasketi ya hedi ibane sawasawa. Fundi mzembe aliyepuuza kipimo hicho aliliona gari likirudi baada ya wiki chache, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi makini alirudisha injini katika hali ya kukaribia upya, bila kupeleka bloku kuchongwa kwenye karakana kubwa, kwa vifaa vilivyoenea kwenye sanduku moja la spana.

Kazi nyingine zilikuwa ndogo lakini hazikuisha. Platini za distribyuta zililika na ilibidi mwanya wake upimwe. Kabureta ilijaa vumbi. Mianya ya valvu ilitaka kurekebishwa, taimingi ilitaka kuwekwa, grisi ilitaka kujazwa. Gari la zamani lilidai kuhudumiwa mara kwa mara, na dereva wake alikuwa nusu fundi. Alitambua kwa sikio injini inayomisi, akajua plagi ipi ina kasoro kwa kuchomoa waya mmojammoja na kusikiliza. Ujuzi huu unastahili heshima, ila gharama yake isisahaulike: ulihitajika kwa sababu gari liliharibika mara nyingi njiani, na abiria waliokesha kando ya barabara walikuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Mambo yalianza kugeuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, biashara ya nje ilipofunguliwa na magari ya mtumba kutoka Japani kuruhusiwa kwa wingi. Barabara za Kenya, Tanzania na Uganda hutumia upande wa kushoto kama za Japani, kwa hiyo usukani wa gari la Kijapani upo tayari mahali pake. Matatu za Nissan na Toyota za abiria 14 zilichukua njia kuu. Sheria za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na magari mengi makuukuu yakaachwa nje. Kwenye barabara za vijijini, ambako gari la abiria 14 halijai, pengo la Peugeot lilibaki wazi kwa muda. Lilikuja kujazwa na gari ambalo halikukusudiwa kabisa kubeba abiria wa kulipa.

Probox ilibuniwa kwa ajili ya makampuni ya Japani. Ni gari la wachuuzi, mafundi wa simu na wasambazaji wa bidhaa, na hata dashibodi yake ina kimeza cha kuvuta ambacho mfanyakazi huwekea chakula cha mchana au karatasi za oda. Lina urefu wa meta 4.2 hivi na upana wa chini ya meta 1.7, kipimo ambacho Japani huruhusu gari liandikishwe katika daraja la magari madogo. Kiti cha nyuma kikikunjwa, sakafu ya mizigo hufikia karibu meta 1.8 na hubaki bapa kabisa. Injini inayopatikana zaidi ni ya sentimita za ujazo 1,496, yenye valvu 16 na cheni ya taimingi, na nguvu huenda kwenye magurudumu ya mbele.

Namna Probox zinavyofika Mombasa na Dar es Salaam inaeleza mengi. Nchini Japani magari madogo ya mizigo hukaguliwa na serikali kila mwaka baada ya miaka miwili ya mwanzo, tofauti na magari binafsi yanayokaguliwa kila miaka miwili. Gharama za ukaguzi zikianza kupanda, kampuni huona heri kuliuza, na gari huenda mnadani, kisha melini. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Mkenya anayenunua Probox hununua gari lililokwisha kufanya kazi ya ofisi kwa miaka kadhaa, wakati mmiliki wa Peugeot ya 1975 alianza na mita iliyosoma sifuri.

Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku Probox ni gari bora kwa mambo mengi. Mafuta hupulizwa kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na kila plagi ina koili yake. Hakuna platini wala kabureta. Gari linaweza kwenda makumi ya maelfu ya kilomita kwa kubadilishiwa oili, filta na pedi za breki tu. Kwa mwendo wa kawaida hukaribia kilomita 15 kwa lita, huku 404 ikitosheka na 9 au 10. Breki zake zina mfumo unaozuia magurudumu yasigande, na mbele kuna mifuko ya hewa.

Tofauti nyingine kubwa imo kwenye moshi. Injini ya 404 ilikulia katika enzi ya petroli yenye risasi, madini yaliyotiwa kwenye mafuta ili injini isigonge, na ambayo huingia damuni na kudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia Januari 2006, baada ya kampeni iliyoratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Bila mabadiliko hayo Probox isingefaa, maana kichujio cha kemikali kilichomo kwenye eksosi yake huharibiwa na risasi. Peugeot za zamani zilizobaki zililazimika kuzoea mafuta mapya, na nyingine zikabadilishiwa viti vya valvu. Huu ni ushindi ambao hausimuliwi kama ushindi wa Safari, ingawa uliwagusa watu wengi zaidi.

Upande wa mzigo, gari la kale linaongoza. Peugeot ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo uzito wa abiria na magunia uliyakandamiza matairi yenye kazi, yakashika tope. Probox huvutwa na magurudumu ya mbele, na ikijazwa nyuma, mbele hupungua uzito na matairi huanza kuteleza mlimani. Wamiliki wameitafutia dawa: huweka springi nzito zaidi nyuma, huinua gari kwa spesa juu ya shoku, hubadilisha matairi. Ndivyo zinavyoonekana katika njia za Kisii, Meru na Narok, mkia juu zikiwa tupu na zimelala sawa zikijaa. Gari la watu watano hubeba wanane, kumi au zaidi, abiria mmoja akibanwa kwenye kiti cha dereva. Katika hali hiyo mifuko miwili ya hewa na mikanda mitano haitoshi kitu, na usalama ambao Probox ilizaliwa nao hupotea wote. Tanzania nako magari madogo ya namna hii yanayochukua abiria kati ya miji, yanayojulikana kama michomoko, yamezua mabishano yaleyale kati ya wenye magari na wasimamizi wa usafiri.

Fundi wa Probox huanza kazi kwa kuchomeka mashine ndogo chini ya dashibodi. Taa ya injini ikiwaka, mashine humpa namba inayotaja sakiti yenye hitilafu. Haimwambii kama kilichoharibika ni sensa yenyewe, waya uliotafunwa na panya au plagi iliyoingia maji, na hapo ndipo fundi hodari hutofautiana na mbabaishaji anayebadilisha vipuri mpaka taa izime. Injini ikichoka kabisa, mambo ni tofauti na zamani. Bloku yake ni ya aluminiamu, na slivu zake nyembamba zimesubiwa humohumo, hazichomoki, na hazina unene wa kuchongwa. Wengi hawafungui. Hununua injini nzima ya mtumba kutoka Japani, mara nyingi kupitia Dubai, na kuibadilisha kwa siku moja au mbili. Kazi huisha upesi na mteja hurudi barabarani, lakini fedha nyingi huvuka bahari, na mikononi mwa fundi hubaki kazi ya kufungua na kufunga bolti. Kwa nchi inayotaka vijana wake waishi kwa ufundi, hilo ni punguzo halisi, hata kama abiria ananufaika.

Peugeot za zamani hazijatoweka. Pikapu za 504 bado hufanya kazi mashambani, na 404 zilizotunzwa hupelekwa kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970. Tangu 2003 kuna pia mashindano ya Safari ya magari ya kale. Peugeot yenyewe ilirudi kuunganishwa Kenya mwaka 2017, katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers cha Thika, ila kwa magari ya 508 na 3008 ambayo mchukuzi wa kijijini hana uwezo nayo. Nayo Probox, ambayo tangu 2014 imewekewa giaboksi isiyo na hatua za gia, ilipata mwaka 2018 toleo linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Magari ya aina hiyo yana betri ya umeme mkubwa ambayo mafundi wa gereji za mitaani wameanza kujifunza kuifungua na kubadilisha seli zake moja moja.